Mlango wa nakshi, kutoka kwa simu mpaka kwa amerikani: vile mi hufanya picha ya rangi na tableti hapa Mombasa

Vijana wengi wanaoanza kuchora hapa Mombasa huniuliza swali moja, kwamba je, ukitumia simu ama tableti kupanga picha alafu ukaimaliza kwa brashi, hiyo ni kazi yako ama ni wizi? Mi nawajibu vile vile kila siku. Ni kazi yako, bora umwambie mtu ukweli vile umeifanya. Edward Tingatinga pale Dar, mwaka 1968, alianza kwa rangi za kupaka baiskeli na vipande vya mbao za kubandika dari, kwa sababu ndo vitu vilivyokuwepo karibu na mkono wake, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. David Hockney wa Uingereza alikuwa tayari mzee wa sabini na kitu na mchoraji wa kutajika, na bado akashika iPhone 2009 akawa anachora maua kwa kidole, mwaka uliofuata akahamia iPad. Kwa hivo mtu asikutishe.

Ila kuna kitu kimoja nataka ukishike kabla hatujaenda mbali, maana mwongozo wote huu umekaa juu yake: simu ni ya kukosea, kitambaa ni cha kuamua. Kwenye simu unaweza kukosea mara mia na hakuna tone la rangi limepotea. Lakini mwangaza wa skrini si rangi, ni taa, na hakuna tyubu ya rangi duniani inayowaka kama taa, sasa ukijaribu kuinakili skrini kama ilivyo utaumia bure. Kazi yetu ni kuifundisha simu ijue rangi zetu, si kuzilazimisha rangi zifuate simu.

Tutachora mlango wa nakshi wa Mji wa Kale, na chini yake pindo la leso. Ukubwa ni sentimita 60 kwa 80. Sikuchagua huo ukubwa ovyo, utaona faida yake.

Anza na kitambaa, si simu

Najua mkono unawasha kushika tableti, lakini kitambaa ndo kinachukua siku nyingi kukauka kwa hivo kianze hicho. Nenda Biashara Street, pale penye maduka ya leso na vitambaa, uliza amerikani nzito. Ndo kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho zamani kilikuwa kinaletwa na merikebu kutoka Marekani mpaka Unguja na Mombasa, ndo jina likabaki. Chukua mita moja na robo hivi ili kibaki cha kukunja. Kama kina wanga mwingi, yaani kigumu kama karatasi, kiloweke usiku mmoja, kianike, kipige pasi.

Fremu mwambie seremala akukatie mbao nyepesi iliyokauka sawasawa, na umsisitizie ule ukingo wa ndani aupige randa uinamie ndani kidogo, maana kitambaa kikigusa ukingo uliosimama wima utaona mstari unajitokeza mbele ya picha na hautoki tena. Ukiifikisha nyumbani pima pembe hadi pembe. Kwa 60 kwa 80 zile mishazari zote mbili lazima ziwe sentimita 100 kamili, ikizidi moja na kupungua nyingine fremu imekwenda upande, irudishe. Hiyo ndo faida ya kwanza ya huu ukubwa.

Kuvuta kitambaa: anza katikati ya kila upande, pini moja juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, alafu ndo uende ukitanua kuelekea pembeni, ukivuta huku na huku kwa zamu. Ukianza pembeni utapata mikunjo. Kikiwa tayari kigonge kwa kidole, kitoe sauti kama ngoma.

Kisha gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, mkono mmoja mbele, iache ikauke mpaka kesho. Vitabu vya zamani vya Ulaya vinasema gundi ya ngozi ya sungura, hiyo hapa kwetu mi siipendekezi hata kidogo, inanyonya unyevu wa hewa, na Mombasa unyevu haulali, kitambaa kinalegea na kukaza kila msimu mpaka rangi inapasuka. Juu ya gundi piga geso ya akriliki, yaani ile rangi nyeupe ya msingi inayotangulia chini ya picha, mikono mitatu, kila mkono uuache ukauke alafu upitishe msasa laini. Mkono wa kwanza piga ukienda upande, wa pili ukishuka. Kama ni picha ya mazoezi, emalshoni nyeupe ya ukutani itakusaidia, lakini kitu cha kumuuzia mtu pesa zake usimpakie emalshoni chini, miaka si mingi inaanza kuwa unga.

Picha ya mlango

Kitambaa kinakauka, sasa toka. Mji wa Kale una milango kuanzia Ndia Kuu mpaka vichochoro vya ndani. Kitu cha kwanza si kamera, ni hodi. Ule ni mlango wa nyumba ya watu, piga hodi, toa salamu, mwambie mama au mzee wa nyumba we ni mchoraji na ungependa kuuchora mlango wao. Mara nyingi utakaribishwa, na saa zingine utapewa na hadithi yake, nani aliuchonga, umetoka nyumba gani, mbao yake ni msaji au mbambakofi. Hizo habari ziandike. Mi naamini picha inakuwa nzito zaidi ukijua unachora mlango wa nani. Na ukiambiwa hapana, shukuru uende.

Piga picha mbili za mlango huo huo. Moja mapema asubuhi jua halijafika kichochoroni, mwanga umetulia kote, hiyo itakupa mistari ya nakshi bila vivuli kukuchanganya. Ya pili jua likiwa linaupiga mlango kwa ubavu, hapo ndo kina cha mchongo kinatokea, minyororo na mawaridi yote yanasimama, na ule mti wa katikati, mfaa, unatupa kivuli chake. Picha ya saa sita mchana achana nayo.

Simu iwe sawa na katikati ya mlango kwa urefu, usiielekeze juu wala chini. Lenzi pana ya simu inavimbisha vitu vilivyo karibu, kwa hivo rudi nyuma uweke zumu mara 2. Shida ni kwamba vichochoro vyetu ni vyembamba na ukirudi nyuma unagonga mgongo ukuta wa jirani, hapo basi piga tu kama unavyoweza, na baadaye kwenye programu tumia ile kifaa cha kunyoosha mtazamo, vuta pembe nne za fremu ya mlango mpaka zisimame wima. Angalia tu usiuvute ukawa mwembamba kuliko vile ulivyo, ndo maana ni vizuri kuupima kwa hatua au kwa shubiri ukiwa pale pale.

Kadi ya rangi, hapa usiruke

Hii hatua nimeona watu wengi wakiiruka na ndo inayotofautisha kazi, kwa hivo nitakaa hapa kidogo.

Kata kipande cha karatasi nzito au kipande kile cha amerikani kilichobaki, kipake geso. Chukua tyubu zako. Mi natumia tano tu kwa mlango: nyeupe ya titaniamu, bluu ya ultramarini, siena iliyochomwa, oka ya njano, na nyekundu moja yenye nguvu. Nyeusi sinunui. Ultramarini na siena iliyochomwa ukizichanganya nusu kwa nusu zinatoa weusi mzuri sana wenye uhai, ukizidisha bluu unapata kivuli cha baridi, ukizidisha siena unapata kivuli cha mbao ya zamani iliyokula mafuta, na ukiongeza nyeupe unaona kijivu cha kuta za chokaa zilizopigwa na mvua. Oka na nyeupe kidogo, huo ni ukuta wa Fort Jesus jua la jioni.

Sasa chora viboksi, sema 40. Kila boksi weka mchanganyiko mmoja na uandike pembeni umetumia nini na kwa kiasi gani. Acha zikauke kabisa, maana akriliki ikikauka inakuwa nzito zaidi kuliko ikiwa mbichi, ile gundi yake ikiwa na maji ni kama maziwa, ikikauka inakuwa kioo, ndo rangi inashuka. Ukipima rangi mbichi utajidanganya.

Zikikauka ipige kadi picha kivulini nje, mchana, pamoja na karatasi nyeupe pembeni. Ifungue kwenye programu ya kuchorea. Simu za Android ibisPaint inatosha kabisa, kwenye kompyuta kuna Krita ambayo ni ya bure, mwenye iPad ana Procreate. Rekebisha mpaka ile karatasi nyeupe ionekane nyeupe kweli bila kuvuta njano wala bluu, alafu tumia kile kidude cha kunyonya rangi, gusa kila boksi, uhifadhi. Hapo sasa umetengeneza sahani ya rangi ya dijitali ambayo kila rangi iliyomo unaweza kuichanganya kwa mkono wako. Jiwekee sheria: kwenye tableti hutagusa rangi yoyote nje ya hizo. Ile bluu inayowaka kama taa ya matatu, nzuri kweli kwa skrini, wala usiiangalie, haimo kwenye tyubu zako.

Mwangaza wa skrini uweke nusu, na uzime ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano. Kaa chumba chenye mwanga ule ule utakaopakia rangi.

Mchoro wa dijitali

Fungua ukurasa wa pikseli 3600 kwa 4800. Ndo faida ya pili ya 60 kwa 80, kila sentimita moja ya kitambaa ni pikseli 60, na kila sentimita 10 ni pikseli 600, hesabu haina desimali. Kama simu yako haina nguvu na inakataa kufungua leya nyingi, yaani zile tabaka za mchoro zinazokaa moja juu ya nyingine, fanya 1800 kwa 2400, sentimita 10 inakuwa 300, ni sawa tu.

Leya ya chini kabisa weka picha yako ya asubuhi, ififishe. Leya ya juu yake chora mistari mikubwa tu: fremu, mfaa, kizingiti, mahali ukuta unaishia na mahali pindo la leso litaanza. Pindo nimeliwekea sentimita 10 za chini. Nakshi ndogo ndogo usizichore saa hii hata kidogo, utamaliza nguvu kwa kitu ambacho mkono utakifanya vizuri zaidi na brashi.

Kisha leya ya kijivu, na hapa ndo picha inapona au kufa. Chukua picha ya pili, ile ya jua la ubavu, itoe rangi, uigawe kwa viwango 4 vya giza, programu nyingi zina kichujio cha hivo. Utaona mlango umekuwa vipande vinne tu, mwanga, nusu mwanga, kivuli, giza. Iangalie ikiwa ndogo kama stempu. Kama ikiwa ndogo hivo bado inasomeka kama mlango, na jicho lako linaenda mahali unapotaka liende, basi umepata. Kama inakuwa fujo, sogeza. Panua kivuli, ondoa dirisha, ufungue mlango kidogo giza la ndani lionekane. Mi huwa nafanya mipango sita saba, kila mmoja dakika kumi, na mara nyingi ule wa kwanza niliodhani ni mzuri naishia kuuacha.

Baada ya hapo tu ndo uweke rangi, kutoka kwa sahani yako, kwa brashi kubwa, vipande vikubwa. Usiumalize mchoro wa dijitali. Nasema hivo kwa moyo wote, ukiumaliza mpaka mwisho, kwenye kitambaa utakuwa unanakili tu na mkono utachoka kwa sababu hakuna tena kitu cha kugundua. Uache ukiwa kama robo tatu.

Kuhamisha mchoro

Njia mbili. Ukiwa na projekta, iweke sambamba na kitambaa usiku, uchore mistari mikubwa kwa penseli hafifu, dakika ishirini umemaliza. Njia ya miraba ni ya polepole lakini ndo naipenda, maana jicho linajifunza mlango wakati mkono unachora. Kwenye programu washa gridi ya pikseli 600, kwenye kitambaa piga mistari ya penseli kila sentimita 10, utapata miraba 6 kwa 8, yaani 48. Andika herufi juu na namba pembeni, alafu nenda mraba kwa mraba. Angalia mstari unakata ukingo wa mraba wapi, weka alama, unganisha.

Usitumie kaboni ya dukani kwenye geso, wino wake unapenya rangi na kutokea juu baadaye. Penseli ya kawaida, isukume kidogo tu.

Rangi

Hapa Mombasa adui wako wa kwanza ni upepo. Wakati wa kaskazi, na feni juu, akriliki inakauka kwenye sahani kabla hujafikisha brashi. Dawa yake rahisi: chukua kopo bapa la aiskrimu, tandika tishu zilizolowa maji chini, juu yake karatasi ile ya kuokea keki, rangi zako zikae juu ya hiyo karatasi. Ukimaliza funika na kifuniko, kesho utazikuta mbichi. Na chupa ndogo ya kupuliza maji iwe karibu. Msimu wa mvua mambo yanageuka, kila mkono wa rangi unataka subira zaidi, usiharakishe kupaka juu ya kitu kilicho baridi ukikigusa, ukiona bado ni baridi bado kina maji.

Funika weupe wote kwanza kwa siena iliyochomwa iliyozimuliwa maji mpaka iwe kama chai ya rangi. Ule wekundu wa chini utapumua kati ya brashi na brashi na kufanya mbao ionekane ya moto hata pale ulipopaka bluu. Kisha weka vile viwango vinne vya giza, vikubwa, bila nakshi. Kila ukitaka kujua kama uko sawa, rudi hatua tatu nyuma, fumba jicho nusu.

Nakshi zinakuja sasa, na hapa tableti igeuze iangalie ukuta. Angalia picha ya kwanza mara moja moja tu. Fundi aliyeuchonga ule mlango hakuchonga kila ua kama mwenzake, patasi iliteleza hapa, ikakaza pale, na brashi yako nayo iruhusu iwe hivo. Mwanga wa ukingo wa kila mchongo upake kwa rangi nzito, kivuli kwa rangi nyembamba. Mi huwa namaliza na mikono miwili mitatu ya rangi nyembamba kabisa inayopitisha mwanga, siena kidogo kwa mbao na ultramarini kwa vivuli, na kama unataka ile ming'ao ya mlango uliopakwa mafuta kila Idi basi mkono wa mwisho unaweza kuwa rangi ya mafuta juu ya akriliki. Mafuta juu ya akriliki sawa. Akriliki juu ya mafuta, usijaribu, itabanduka. Na vile vitambaa ulivyofutia rangi ya mafuta, maana ina mafuta ya kitani, usivikunje ukavitupa kwenye ndoo, vinaweza kushika moto vyenyewe, vitandaze nje vikauke au vitie ndani ya maji.

Kurudi kwa simu katikati ya kazi

Ukifika mahali umekwama, na utakwama, usipake juu kwa hasira. Piga picha ya kazi ilipofikia, uifungue kwenye tableti, tengeneza leya mpya juu yake, ujaribu. Je, kivuli cha mlangoni kikiwa cha bluu zaidi? Je, nikimweka paka kizingitini? Igeuze kushoto kulia kama kwenye kioo, makosa ya mistari yanaruka machoni hapo hapo. Ukipata jibu, rudi kwa brashi. Hii kwenda na kurudi ndo naiona mimi kama utamu wa kazi ya mchanganyiko, kitambaa kinauliza, simu inajaribu, kitambaa kinaamua. Wachoraji wa zamani walikuwa wanakwangua na kupaka upya, we unajaribu bila kukwangua.

Pindo la leso

Leso ina pindo, ina mji, ina jina, yaani ule msemo ulioandikwa juu yake. Sisi tutachukua pindo na jina. Nakuomba usiskani leso ya mtu ukaibandika, ile nayo ni kazi ya mchoraji, chora ya kwako. Mi napenda kuanzia kwenye utamaduni wa kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, alafu nabadilisha maumbo yake. Chora kipande kimoja tu, programu ikirudie yenyewe upande hadi upande, na katikati uandike jina, ule msemo utakaochagua wewe. Langu liliandikwa MGENI KARIBU MLANGO U WAZI.

Hili pindo tunalihamisha kwa toner, ule unga mweusi wa printa ya leza. Faili lifanye la nukta 300 kwa inchi, nyeusi tupu. Likate vipande vitatu vya sentimita 20, maana A4 ina upana wa 21 na printa inakula nusu sentimita kila upande, vitatu vinakupa 60 kamili. Geuza kioo kabla ya kuprinti, la sivyo jina litasomeka kinyume. Nenda saiba na kabla hujalipa uliza, hii printa ni ya toner au ya wino wa maji? Ya wino itayeyuka yote ikiguswa na maji, unataka ya toner, karatasi ya kawaida nyembamba.

Kwenye kitambaa, zile sentimita 10 za chini uwe ushazipaka nyekundu na nyeupe kwa mkono na zimekauka, tena uzipige msasa ziwe laini. Toner haina rangi nyeupe, karatasi ikitoka ni weusi tu unabaki na kila kilicho chini kinaonekana, kwa hivo nyekundu yako ndo itakuwa nyekundu ya leso. Paka jeli ya akriliki, si nyembamba sana, laza karatasi uso chini, isugue kwa kadi ya zamani ya simu mapovu yatoke. Iache usiku kucha. Kesho yake ilowanishe na sponji, subiri dakika mbili, uanze kusugua kwa ncha ya kidole, mviringo, pole pole, karatasi itatoka kama vinyuzi. Ikikauka utaona ukungu mweupe umebaki, lowanisha tena, sugua tena, mara tatu nne. Baadhi ya herufi zitapata mikwaruzo. Ziache, zinafanana na leso iliyofuliwa sana, na pale palipotoka sana rudishia kwa brashi nyembamba. Hapo hapo, ambapo jicho haliwezi kujua toner inaishia wapi na mkono unaanzia wapi, mi ndo nafurahi kuliko mahali popote kwenye picha.

Kumalizia

Piga picha ya kazi kabla ya vanishi, maana ikishang'aa utapata miale kila kona. Kivulini nje, kitambaa kimesimama wima, simu sambamba nacho, zumu mara 2, karatasi nyeupe pembeni. Kama unataka kuuza nakala za kuprinti, A3 ya nukta 300 inataka pikseli 3508 kwa 4961, picha ya simu ya megapikseli 12 inakaribia tu, kwa hivo piga kwa vipande uviunganishe au utafute mwenye kamera. Mwambie mwenye printa akutolee kipande kidogo cha mfano kwanza. Niliwahi kupeleka faili duka moja bila kuomba mfano, bluu ya vivuli ikatoka zambarau kwa nakala zote kumi, kwa sababu skrini inachanganya taa za nyekundu, kijani na bluu na printa inachanganya wino, si lugha moja. Nyuma ya kila nakala andika ni nakala, na ya ngapi kati ya ngapi. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, kwa hivo mafaili ya mwanzo yenye leya yahifadhi vizuri, ndo ushahidi wako.

Kuna wanaoweka pia video juu ya picha, mtu akielekeza simu anaona mlango unafunguka, apu kama Artivive zinafanya hivo. Ni nzuri ikiwa kuna kitu cha kuonyesha. Mi nimeweka ile rekodi ya mchoro wa dijitali inayokwenda mbio, programu nyingi zinairekodi zenyewe, ili mtazamaji aone mipango yote niliyoiacha.

Akriliki iache wiki moja hivi kabla ya vanishi, kama umetia mafuta juu subiri miezi 6. Piga vanishi siku ya jua, si siku ya mvua, ikishika unyevu inakuwa ya maziwa.

Na kutundika: nyumba zetu za zamani kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinabeba unyevu mwaka mzima. Picha yangu moja niliitundika imelalia ukuta kabisa, ikapita mvua ya Aprili na Mei, nilipoitoa nyuma yake ilikuwa imeota kuvu wa kijivu kote. Sasa kila fremu naibandika vipande vinne vya kizibo cha chupa nyuma, kila pembe kimoja, ibaki nafasi ya sentimita moja hewa ipite, na mara moja kwa mwezi naishusha naifuta nyuma kwa kitambaa kikavu.